Samaki wapya wa Katuma: kwa nini ni lazima kuandika walikopatikana

Mwaka 2012 mtaalamu wa samaki Stefano Valdesalici alieleza rasmi samaki wawili wapya kwa sayansi kutoka bonde la mto Katuma, hapa magharibi mwa Tanzania. Aliwapa majina Nothobranchius kardashevi na Nothobranchius ivanovae. Ni samaki wadogo wa madimbwi yanayojaa masika na kukauka kiangazi. Dimbwi likikauka samaki hufa, lakini mayai hubaki kwenye tope yakisubiri mvua.

Samaki wa aina hii huweza kuishi katika bonde moja tu duniani. Ndiyo maana mtafiti haishii kueleza rangi na mapezi. Huhifadhi samaki wa kielelezo kwenye makumbusho, kisha huandika alivuliwa wapi na lini. Mwenzake akiwa na shaka, anarudi palepale kuvua na kulinganisha.

Je, jina la mahali halitoshi? Mara nyingi halitoshi. Mwaka huohuo wa 2012 Katavi ilimegwa kutoka mkoa wa Rukwa. Chupa ya zamani iliyoandikwa "Mpanda, Rukwa" inaweza kumaanisha mto unaopeleka maji Ziwa Rukwa, kama Katuma, au unaoelekea Ziwa Tanganyika. Samaki wa mabonde hayo mawili wanaweza kuwa tofauti kabisa.

Namba za GPS hazibadiliki mipaka ya mikoa inapobadilika, ila zinahitaji umakini. Mpanda mjini ipo karibu na -6.34 na 31.07. Ukisahau alama ya kutoa, ramani itakupeleka Sudan Kusini. Ukiandika tarakimu mbili baada ya nukta, unaonyesha mahali kwa kadirio la kilomita moja hivi; ukiandika nne, ni kama mita 11.

Hata wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wanalijua hili. Aina moja ya Tropheus wa Ziwa Tanganyika huuzwa ng'ambo kwa jina "Ikola", kijiji chetu cha ufukweni, kwa sababu rangi za samaki hao hutofautiana kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine.

Kwa Katavi jambo hili si la maabara tu. Maji ya Katuma hupungua sana kiangazi, na yanagombewa na mashamba ya mpunga, mifugo na wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Dimbwi likifukiwa au mto ukichepushwa, hakuna atakayeweza kuonyesha kilichopotea kama haikuandikwa kwamba samaki fulani aliishi hapo.

Ukiona samaki usiyemfahamu dimbwini, mpige picha, andika tarehe, kijiji, mto na namba za GPS za simu yako, kisha mjulishe afisa uvuvi. Usimhamishie dimbwi jingine: atakayemkuta huko ataandika makazi yasiyo yake.