Maonyesho ya Sanaa Yafike Tawa

Chuo kikuu kinapotundika kazi za wahadhiri na za wanafunzi wake wa zamani katika ukumbi mmoja, huwa kinatoa ushahidi wa jinsi ujuzi unavyorithishwa. Ushahidi huo mwanafunzi wa Tawa anauhitaji kuliko mgeni mashuhuri anayealikwa kukata utepe.

Tuitazame Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa katika miaka ya 1930. Gregory Maloba wa Kenya na Sam Ntiro wa Tanganyika walisoma huko, kisha wakafundisha hukohuko. Maloba ndiye aliyeunda Mnara wa Uhuru wa Kampala, wa mwaka 1962.

Ukambani nako kuna silsila yake. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga vinyago katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na ufundi huo ukaenea kwao. Je, kazi ya warithi wake ikiwekwa kando ya kazi ya profesa, ni nani atakayeshushwa hadhi?

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, maonyesho yakishafungwa chuoni, baadhi ya kazi zizungushwe katika shule za Mbooni na kwingineko. Pili, nikisema kama mwanaisimu, maelezo yanayobandikwa chini ya picha, ambayo aghalabu huwa ya Kiingereza, yaandikwe pia kwa Kiswahili. Uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na ususi ni istilahi tulizo nazo tayari.

Walimu nao wasingoje mwaliko. Waziandikie idara za sanaa, waombe.