Rufani Husimama Juu ya Maandishi

Wako watu mjini Morogoro wasemao kwamba rufani ni hila ya kumwokoa mwovu. Husikia kuwa shauri la mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji limerudishwa lianze upya, si kwa kuwa ameonekana hana kosa, bali kwa kuwa jaji hakuwaeleza sawasawa wazee wa baraza. Nao hushika vichwa. Sisi tulio makarani yatupasa kuwajibu ndugu hao kwa utaratibu, maana jambo hili latuhusu kuliko lidhaniwavyo.

Zamani za ukoloni Wazungu wa Kenya walihukumiwa mbele ya baraza la wenzao, nalo ndilo lililoamua kama mtu ana hatia. Mwafrika alipewa wazee wa baraza, ambao hutoa maoni tu, wala jaji hafungwi nayo. Hata hivyo mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba maoni ya wazee yana thamani kubwa, ila ni pale tu wanapoyaelewa mambo ya shauri pamoja na sheria iyahusuyo. Mzee wa Matombo au wa Mgeta aijua mila na mwenendo wa watu wake; lakini asipoelezwa, atajuaje tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia? Kumwuliza maoni pasipo kumweleza ni kumkalisha kitini kama pambo. Ndiyo sababu Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilibatilisha hukumu nyingi kwa kosa hilo.

Na katika adhabu, mahakama ya juu haipunguzi kifungo kwa kuwa tu yenyewe ingalitoa kifupi zaidi. Sharti ionekane kwamba adhabu imepita kiasi, au imefuata kanuni isiyo sahihi, au jambo lililopasa kufikiriwa limeachwa. Na pale sheria ilipokwisha kuweka kipimo, kama miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, majaji hawawezi kushuka chini yake. Basi rufani si mlango ulio wazi kwa kila apitaye.

Tangu mwaka 2022, sheria ilipobadilishwa, jaji wa Mahakama Kuu huwaita wazee wa baraza pale tu aonapo kuwa haki yahitaji. Wengine watasema hoja ile imekwisha. Sisi twasema sababu yake haikufa: aliyehukumiwa ana haki ya kuuliza kama sheria iliyotumika juu yake ndiyo iliyo sawa. Tena shauri likirudiwa, jamaa wa marehemu nao huumia, kwa maana mashahidi hufa, wengine huhama, na waliobaki husahau.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Majaji wa rufani hawakuwapo siku ya shauri. Wao husoma karatasi. Maelezo ya jaji kwa wazee, utetezi wa mshitakiwa na sababu za adhabu, visipoandikwa vitajulikanaje? Mfungwa aliye Kingolwira akitaka kukata rufani kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, hutoa notisi kwa siku 10, na rufani yenyewe kwa siku 45. Siku za kungojea nakala ya mwenendo wa shauri sheria haizihesabu. Lakini yeye huzihesabu, kwa kuwa yu ndani.

Kwa hiyo twaomba wanachama walioko mahakamani wasitie muhuri nakala yo yote kabla ya kuilinganisha na asili yake, ukurasa kwa ukurasa. Twaomba pia chama chetu kiwasihi wakubwa wa kazi kwamba nakala za wafungwa zitangulizwe mbele ya nyingine zote. Jaji ndiye aamuaye, lakini karani ndiye ashikaye kile kitakachosomwa.