TUYASOME MAJI YA BAHARI YETU

Ni jambo lisilofichika kwamba bahari ndiyo shamba la pili la wananchi wa Unguja. Hata hivyo, shamba hilo hukaguliwa kwa taabu. Mtaalamu huzamia na kuhesabu samaki awaonao. Wanaojificha pangoni na wanaotoka usiku humpita.

Sasa ipo njia nyingine. Kila kiumbe wa majini huacha magamba, ute na kinyesi, na ndani yake vimo vinasaba vyake. Huchotwa lita moja au mbili za maji, zikachujwa, na vinasaba vilivyonaswa katika chujio vikasomwa maabara na kulinganishwa na orodha ya viumbe wanaojulikana. Hivyo yaweza kufahamika kama papa, taa, au hata nguva, ambaye siku hizi ni nadra mno katika mwambao wetu, amepita mahali fulani, pasipo kumvua wala kumwona. Mwaka 2022 na 2023 UNESCO iliitumia njia hii katika maeneo ya bahari ya Urithi wa Dunia, na miongoni mwa wachotaji walikuwamo wanafunzi wa shule.

Mji Mkongwe unayo haja ya pekee. Kwa miaka mingi maji machafu ya mji yamemwagwa baharini bila ya kusafishwa, na matumbawe ya Changuu, Chapwani na Bawe hayako mbali. Mwaka 1995 watafiti walitangaza kwamba mwani wa chokaa, ule unaoyashikamanisha matumbawe, hupungua kadiri uchafu huo unavyokaribiwa, na fosfeti ikatajwa kuwa mdhuru. Leo chupa za maji zikichotwa kila msimu, kaskazi na kusi, kutoka Forodhani hadi Chumbe, kisiwa ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994, zingetuonyesha viumbe gani wanatoweka na vijidudu gani vya kinyesi vimeingia.

Tusitie chumvi. Vinasaba havitaji idadi kamili ya samaki, wala kama ni wakubwa au wachanga. Mkondo waweza kuvileta kutoka kwingine. Na orodha za kulinganishia zina mapengo kwa viumbe wa bahari yetu. Mzamiaji bado anahitajika, na mvuvi vilevile.

Tunalolisisitiza ni kwamba maji yakishachotwa yasiishie kupakiwa ndege, majibu yakarudi baada ya miaka kwa lugha asiyoisoma mvuvi wa Nungwi au Chwaka. Taasisi ya Sayansi za Bahari imekuwapo Unguja tangu 1978, na Serikali ya Mapinduzi iliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020. Maofisa wanaopanga bajeti hawana budi kutenga fungu la mashine na mafunzo hapa hapa. Walimu wa biolojia nao wanaweza kuwafikisha wanafunzi pwani wakiwa na chupa na daftari. Majibu yabandikwe madikoni kwa Kiswahili, na ofisa anayeidhinisha hoteli ya ufukweni au bomba la maji machafu awe ameyasoma kabla ya kutia saini.