Kijana si Mgara

Wapo wanaodhani kwamba kijana wa Kamembe amekwisha lelewa akivikwa mgara wa intore na kucheza mbele ya wageni. Sisi twakataa. Itorero la kale lilifunza kunena pamoja na kucheza; lililofufuliwa mwaka 2007 lisipungukiwe na hilo.

Kijana huyo hutafuta riziki kwa watu wa Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa Kiswahili: lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ambayo baadhi ya wakubwa bado huiita ya wahuni. (Sokoni nao huisema!) Mpelekeni makumbusho ya Huye, lakini mzee aketi kando yake garini, na njia ya Nyungwe ni ndefu, amsimulie kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Nauli ya mzee huyo ndiyo tunayoidai.