Hesabu Wanaijua, Kusoma Kunawakwamisha

Ndugu wanajeshi na askari polisi, wengi wenu ni wazazi. Watoto wenu husoma katika shule za serikali za Buyenzi, Ngagara, Kamenge, Kinama na mitaa mingine ya Bujumbura, pamoja na watoto wa wavuvi, wachuuzi na makarani. Kwa hiyo habari ya namna watoto hao wanavyosoma na kuhesabu si habari ya walimu peke yao. Inawahusu ninyi, na leo tunapenda kuizungumza waziwazi.

Mwaka 2014 watoto wa Burundi walipimwa pamoja na wenzao wa nchi nyingine 9 za Afrika, zikiwemo Senegal, Kameruni, Togo na Chad. Kipimo hicho, kiitwacho PASEC, huendeshwa na umoja wa mawaziri wa elimu wa nchi zinazotumia Kifaransa, wenye makao yake Dakar. Kilipima lugha na hesabu mara mbili: katika mwaka wa pili wa shule, na mwishoni mwa mwaka wa sita. Matokeo yalilipa taifa letu heshima kubwa. Katika hesabu Burundi ilishika nafasi ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka wa sita, takriban watoto 87 katika kila 100 walifikia kiwango cha kutosha cha hesabu, ilhali wastani wa nchi zote 10 ulikuwa kama 41 tu. Nchi isiyo na mali nyingi, iliyotoka katika miaka mirefu ya vita, ilizitangulia nchi zenye bandari na mafuta. Walimu wetu wanastahili pongezi kwa kazi hiyo.

Lakini askari aliyefunzwa vema hasomi taarifa nusu akaifunga. Tuisome hii mpaka mwisho. Katika mwaka wa pili, watoto wetu kama 79 katika kila 100 walifikia kiwango cha kutosha cha lugha. Mwishoni mwa mwaka wa sita waliofikia kiwango hicho katika kusoma walikuwa kama 57. Hesabu nayo ilipungua, ila kidogo tu, kutoka 97 hadi hao 87. Je, ni kitu gani kilichotokea katikati ya mwaka wa pili na mwaka wa sita?

Jibu moja liko wazi kabisa. Watoto wa mwaka wa pili walipimwa kwa Kirundi, lugha ya mama zao. Wale wa mwaka wa sita walipimwa kwa Kifaransa. Tangu miaka ya 1970 shule zetu zilichagua kumfundisha mtoto kwa Kirundi katika miaka ya mwanzo, na Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia kuanzia mwaka wa tano. Hapo ndipo wengi hukwama. Jana mtoto alielezwa sehemu na mafungu kwa maneno anayoyajua. Leo anaelezwa jiografia na elimu ya viumbe kwa maneno anayoyasikia darasani tu, na kengele ikilia anayaacha hapo hapo. Hesabu inavumilia mabadiliko hayo, kwa sababu 7 ni 7 katika lugha yoyote. Kusoma hakuvumilii.

Mwaka 2019 kipimo kilirudi, safari hii katika nchi 14. Watoto wetu wadogo, waliopimwa tena kwa Kirundi, waliendelea kufanya vizuri. Lakini wale wa mwaka wa sita walikuwa wameshuka sana katika kusoma Kifaransa. Ufa ulioonekana mwaka 2014 ulikuwa umepanuka.

Hatusemi kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Mwaka 2005 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, jambo jema lililowafungulia mlango watoto wa maskini. Lakini madarasa yalijaa, na shule nyingi zikalazimika kufundisha zamu mbili, asubuhi kundi moja na alasiri kundi jingine. Kiingereza na Kiswahili navyo viliongezwa juu ya Kirundi na Kifaransa, na mtoto mmoja akakabidhiwa lugha nne. Tena, marekebisho yaliyoanza mwaka 2013 yaliifanya shule ya msingi kuwa ya miaka 9, na mtihani wa taifa uliokuwa mwishoni mwa mwaka wa sita ukahamia mwaka wa tisa. Huenda baada ya hapo bidii ya mwaka wa sita ililegea. Yote hayo yana uzito wake. Hata hivyo hakuna hata moja kati yake linaloeleza kwa nini mtoto huyo huyo anasoma kwa ufasaha lugha moja na kukwama katika nyingine.

Wapo wanaosema dawa ni kuiondoa Kirundi mapema na kuanza Kifaransa siku ya kwanza. Kwa maoni yetu hilo ni kosa. Mwaka 2014 nchi nyingi za kundi lile ziliwapima watoto wao wa mwaka wa pili kwa Kifaransa, lugha waliyoanza nayo shule, na kwa jumla watoto zaidi ya 70 katika kila 100 hawakufikia kiwango cha kutosha cha lugha. Kirundi haimcheleweshi mtoto. Ndiyo ardhi ngumu anayosimama juu yake ili aruke. Kinachotakiwa ni kumfundisha Kifaransa kwanza kama lugha ya kusemwa na kusikilizwa, taratibu, kwa miaka kadhaa, kabla ya kumbebesha masomo yote kwa lugha hiyo. Na ufikapo mwaka wa tano, mwalimu aruhusiwe kufafanua kwa Kirundi neno lisiloeleweka, bila kuonekana amevunja amri.

Pengine mtu atauliza: jambo hili lina uhusiano gani na bunduki na kirungu? Lina uhusiano mkubwa. Sheria za nchi na hati nyingi za ofisi zimeandikwa kwa Kifaransa. Askari polisi humhoji raia kwa Kirundi au kwa Kiswahili, kisha mara nyingi huandika maelezo yake kwa Kifaransa, na raia huweka sahihi au dole gumba. Ikiwa raia huyo aliacha shule bila kujua kusoma lugha hiyo, anatia sahihi asichokielewa. Ikiwa askari mwenyewe alikwama katika mwaka ule ule wa tano, basi neno moja lililoandikwa vibaya laweza kumfunga asiye na hatia au kumwachia mwenye hatia. Hakuna hesabu nzuri itakayoisahihisha karatasi hiyo. Haki ya raia na heshima ya askari zinaanzia katika dawati la mtoto wa miaka 11.

Basi tufanye nini? Yafaa kukumbuka kwamba PASEC hupima shule chache zilizochaguliwa ili ziwakilishe nchi nzima. Haimwambii mzazi wa Buyenzi hali ya shule ya mtoto wake. Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Elimu iweke kipimo chepesi cha kusoma katika kila shule, mwishoni mwa mwaka wa nne na wa sita, na majibu yake yasomwe mbele ya wazazi. Kipimo hicho kisiwe cha kumfukuza mtoto wala cha kumwaibisha mwalimu. Kiwe kama ukaguzi wa silaha: hukaguliwa ili irekebishwe kabla ya siku ya kuhitajika.

Wakuu wa vikosi nao wana sehemu yao. Uhamisho wa askari katikati ya mwaka wa masomo humkata mtoto njiani, hasa aliye katika mwaka wa tano. Pale ambapo usalama unaruhusu, uhamisho ungojee likizo.

Nanyi wazazi wenye sare, msiridhike kwa kuona alama nzuri za hesabu katika daftari. Mkipata usiku mmoja bila zamu, mwambieni mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha aeleze kwa Kirundi au kwa Kiswahili alichosoma. Asiyeweza kueleza hajasoma, ametamka tu. Kazi hiyo haihitaji fedha wala cheo, na hata mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kuisimamia, kwa sababu kinachopimwa ni kuelewa.

Watoto wetu wamekwisha kuonyesha kwamba akili wanayo. Tusiwaache wakwame mwaka wa tano kwa kukosa mtu wa kuwavusha. Samaki mkunje angali mbichi.