Mchanga wa Kwale na gesi ya Ekero

Mgodi wa Kwale ulisimama Desemba 2024, baada ya zaidi ya miaka kumi ya meli kupakia mchanga wa titani pale Likoni. Wapwani tumelumbana sana juu ya mrabaha na mashamba, na haki tunayo. Lakini mchanga ule una kazi nyingine zaidi ya kutiwa kwenye rangi za nyumba, na hiyo hatujaizungumza.

Mwaka 1979 wanasayansi wa Japani, Fujishima na Honda miongoni mwao, walitia unga wa madini, oksidi ya titani ikiwemo, ndani ya maji yenye hewa ya ukaa, kisha wakaumulika. Ikapatikana methanoli kidogo. Yaani kile kinachotoka kwenye moshi kilirudishwa kuwa mafuta. Rutaili ya Kwale ni oksidi hiyo hiyo.

Mbona basi hatupikii? Titani safi hutumia miale ya urujuanimno tu, ambayo ni kama sehemu moja kati ya ishirini ya jua. Tena umeme unaozaliwa ndani ya chembe hupotea kabla haujafika juu kufanya kazi. Ndiyo maana maabara sasa zinaunda chembe za nanomita, zenye uso mpana na njia fupi, zikichanganywa na shaba au madini mengine. Mavuno bado ni haba. Atakayekuja kijijini na ahadi za utajiri wa kesho, ndugu msomaji, muulize takwimu.

Gesi nayo yataka iwe safi. Moshi wa tanuri la saruji umejaa vumbi na naitrojeni. Ekero, jirani ya Mumias, kule misafara ya wazee wetu ilikofika kwa Nabongo Mumia, hali ni tofauti: ni nchi ya miwa, na kiwanda cha Mumias kilijengewa mtambo wa ethanoli. Miwa ikichachushwa, kila kilo ya ethanoli hutoa karibu kilo nzima ya hewa ya ukaa, safi. Kampuni ile iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na kesi zikafuata. Kiwanda kikilala, mkulima hana pa kupeleka miwa, na gesi hiyo haipo.

Chuo cha Masinde Muliro kiko Kakamega, Chuo cha Pwani kiko Kilifi. Leseni nyingine ya mchanga isitiwe saini bila sharti la kuviachia vyuo hivyo magunia ya utafiti, na pesa za maabara kutoka kwenye mrabaha.