Serikali na Itafute Wataalamu Wasio na Bwana

Ndugu zangu wa Kazimia, wa Baraka na wa Fizi nzima, muulizeni mvuvi yeyote kwa nini ndagala wamepungua. Mmoja atasema wavuvi wamezidi. Wa pili atalaumu neti za mbu zinazokokota hata makinda. Wa tatu atasema maji yenyewe yamebadilika. Serikali nayo hulijibu swali hilo, kwa kujua au kwa kutojua, kila inapotoa amri juu ya ziwa. Amri ikikosea, aliyeitia saini hakosi chakula. Wanaolala njaa ni watoto wa ufuko huu.

Wanasayansi nao wamebishana. Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba Ziwa Tanganyika limepata joto. Maji ya juu yakipata joto, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Walikadiria kwamba mavuno ya samaki huenda yameshuka kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2006, Jouko Sarvala wa Finland na wenzake wakajibu kwamba mabadiliko ya mavuno yanatokana zaidi na namna watu wanavyovua. Mwaka 2016, Andrew Cohen na wenzake walisoma tabaka za matope ya chini ya ziwa, wakaonyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa biashara haujapamba moto.

Tafakarini basi. Serikali ikimsikiliza wa joto peke yake, itakunja mikono na kuziacha nyavu haramu. Ikimsikiliza wa nyavu peke yake, lawama yote itamwangukia mvuvi. Nchi nne zenye ziwa hili zimekubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu, na Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Sipingi ziwa kupumzishwa. Nauliza tu: nani atapima kabla na baada, ili tujue kama shida ya miezi mitatu imezaa samaki? Na ikiwa haikuzaa, nani atathubutu kumwambia waziri?

Huyo ndiye tunayemhitaji: mtu mwenye elimu, ambaye riziki yake haitegemei jibu atakalotoa.

Tazameni na jambo la mafuta. Julai 2022, Kinshasa iliweka mnadani vitalu 27 vya mafuta, vingine katika bonde la Tanganyika. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Unaweza kurudi kesho. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga, pale Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kugeuka mvuke. Uchafu ukishaingia, hauna njia ya kutoka upesi.

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe kwanza utafiti wa athari, na Wakala wa Mazingira wa Kongo ndio unaoupitia. Sheria hiyo ni njema. Lakini gharama za utafiti hubebwa na mwenye mradi, na anayelipwa naye huona uzito kuandika kwamba mradi haufai. Wazee walikwisha kutuonya kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Wala kuwaita wataalamu kabla ya kazi kuanza si jambo geni kwetu. Kabla gesi ya Ziwa Kivu haijaanza kuchimbwa kwa wingi, kundi la wataalamu wa maziwa liliandaa masharti kwa ajili ya serikali za Rwanda na Kongo. Mojawapo lilihusu kina cha kurudishia maji yaliyokwisha kutolewa gesi, ili tabaka zinazoizuia kule chini zisivurugwe. Walijua kwamba mwaka 1986, huko Kamerun, gesi ya Ziwa Nyos iliua watu wapatao 1,700.

Watu tunao. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, na vijana wetu wanasoma katika vyuo vikuu. Lakini mtaalamu asiyetunzwa ni jicho lililofungwa. Kabla mlima Nyiragongo haujalipuka tarehe 22 Mei 2021, wachunguzi wa volkano huko Goma walikuwa wamekaa miezi bila intaneti ya kupokea vipimo vyao, kwa kuwa fedha zilikatika.

Kwa hiyo, nafasi za washauri zitangazwe hadharani. Kila mwombaji aeleze nani amewahi kumlipa. Waliochaguliwa walipwe kutoka hazina ya umma, kwa muda uliowekwa, wasifukuzwe kwa kusema kweli. Wawe zaidi ya mmoja, tena wenye mitazamo inayopishana. Ushauri wao usomwe kwa Kiswahili na Kibembe, na waziri akiukataa, atoe sababu mbele ya watu.

Wako watakaosema kwamba wazee wanalijua ziwa. Ni kweli, wanajua pepo na majira, na mtaalamu asiyewasikiliza hafai. Lakini macho yao hayafiki kilindini, nacho kilindi kinashuka hadi karibu mita 1,470. Wengine watasema kwamba huu ni wakati wa vita. Vita havijazuia mikataba kutiwa saini. Haviwezi basi kuwa sababu ya kutokuisoma kwanza.

Wabunge wa jimbo, pelekeni hoja hii. Vyama vya wavuvi, mkiletewa amri, ulizeni imetokana na vipimo gani na nani aliyelipia. Wazazi, msomesheni mtoto anayependa kuhesabu na kupima. Tuulize kwa heshima, tuulize bila kuchoka, wala tusikubali jibu lisiloandikwa.